Samaki wa kuchoma wa Nkome: moto ni wa bibi, samaki na pilipili ni wageni

Sisi wa visiwani tukivukia Nkome na njaa tumboni, chakula tunachokitafuta ni kimoja: sato wa kuchoma, ugali wa moto, na chachandu ya pilipili pembeni. Ukiuliza utaambiwa ndicho chakula cha mababu wa ziwa. Tunakipenda sana, ila hilo si kweli. Bibi wa bibi zetu hakumjua sato huyu wala sangara, na pilipili zilitoka ng'ambo ya bahari. Cha zamani hapo ni moto na mkono wa mwanamke anayeuchochea. Tunaandika historia hii kwa sababu mwanamke huyo ndiye ambaye samaki anazidi kumponyoka.

Ziwa la zamani lilikuwa la ngege, ningu, kambare, kamongo na furu. Furu walikuwa wadogo na wenye miiba, lakini walikuwa wengi ajabu, wa mamia ya aina. Walianikwa juani wakakauka, wakawekwa akiba. Ngege ndiye aliyekuwa samaki wa heshima, wa kumwekea mgeni. Mwaka 1905 nyavu za kisasa za kutega ziliingia ziwani kupitia Ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, na ngege akaanza kupungua. Mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham alitumwa kulichunguza ziwa lote. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, na akaonya kwamba kuleta samaki mkubwa anayekula wenzake ni hatari kubwa. Ushauri wa nyavu ulifuatwa kwa muda. Lile onyo lilipuuzwa.

Miaka ya 1950 sato na sangara walipandikizwa ziwani, sangara akianzia upande wa Uganda. Maji ya Tanzania aliyafurika miaka ya 1980. Furu wakaliwa, aina nyingi zikatoweka kabisa, na ngege naye akawa wa kutafutwa kwa tochi.

Mwanzoni sangara hakupendwa. Ana mafuta mengi mno, na ukimwanika juani kama furu anaoza kabla hajakauka. Ilibidi abanikwe kwa moshi au akaangwe kwa mafuta yake mwenyewe. Vitabu vya uvuvi hupita hapa haraka, lakini mwanamke hawezi kupita. Kazi iliyokuwa ya jua, jua la bure, ikageuka kazi ya kuni, na kuni ni shughuli ya nani nyumbani? Miti ya kandokando ya ziwa na ya visiwani kwetu iliingia kwenye matanuri ya kubanikia.

Halafu vikaja viwanda vya minofu, Mwanza vikiwa vingi miaka ya 1990. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, kwetu vikabaki vichwa na mifupa, yaani mapanki. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa kwa hofu ya sumu, bei ilianguka ufukweni: mvuvi akalia, mama wa jikoni akapumua kidogo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyaonyesha mapanki dunia nzima, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea kwamba imelichafua taifa. Sisi tunaona pande zote mbili zilimsahau mpishi. Mapanki yaliyokaangwa vizuri, yenye chumvi na limau, ni kitoweo halali kabisa. Kinachouma ni kutokuwa na hiari ya kununua kingine.

Na chachandu je? Neno pilipili ni la zamani pwani; lilikuwa la pilipili manga kutoka Bara Hindi. Hizi kali, mbuzi na kichaa, asili yake ni Amerika, nazo zilifika Afrika kwa merikebu za Wareno tangu karne ya 16, zikapewa jina lililokuwepo. Nyanya asili yake ni huko huko. Muhogo pia, kwa hiyo hata ugali wa udaga ulio kwenye sahani yako ni mgeni aliyezoea.

Tuifanye kama inavyostahili. Chukua nyanya nne zilizoiva, pilipili mbuzi mbili, kitunguu maji kimoja na punje nne za kitunguu saumu. Vipange juu ya waya wa jiko mkaa ukiwa bado mkali, kabla samaki hajapanda. Ganda la nyanya likiungua na kupasuka, limenye, kisha twanga vyote kwenye kinu kidogo. Usisage kwa blenda, itakuwa uji. Malizia kwa chumvi, limau, na ukwaju kidogo ulioloweka. Wapo wanaoongeza tomato sosi ya chupa, sisi hatumo.

Sato mparue magamba, mtoe matumbo, mchanje mara tatu kila ubavu mpaka ukaribie mfupa, umpake chumvi, limau, saumu na tangawizi. Akae nusu saa. Mkaa usubiri hadi uvae jivu jeupe, waya upakwe mafuta, na usimgeuze mpaka ngozi iachie yenyewe. Sangara hachomwi hivyo akiwa mzima: mafuta hudondoka, moto huruka, nje anaungua na ndani bado mbichi. Mkate vipande vinene, umchome kwa moto wa taratibu.

Kuna jambo jingine linalotufanya tumthamini samaki huyu, nalo ni la imani. Februari 2013, huko Buseresere, mkoa wetu wa Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza ulifika mahali mchungaji akauawa. Samaki hachinjwi. Sura ya Al-Maida imehalalisha vinavyovuliwa majini, na Injili ya Yohana, sura ya 21, inamwonyesha Yesu akiwa na moto wa makaa na samaki juu yake kando ya ziwa, akiwaita wanafunzi wake waje wale. Mwenye hijabu na mwenye rozari wanachovya chachandu moja bila kuulizana nani kashika kisu.

Lakini samaki huyo anapatikanaje? Sheria inasema sato asivuliwe akiwa chini ya sentimita 25, wala sangara chini ya 50, na ni sheria nzuri. Ila Juni 2018 maofisa walifika na rula hadi kwenye mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki waliokwisha kupikwa, nchi nzima ikacheka na wabunge wakakasirika. Mama wa mwaloni amezoea kuulizwa kuhusu samaki ambaye hakumvua yeye. Mtumbwi, nyavu na injini kwa kawaida ni vya mwanaume, naye ndiye anayeamua samaki amuuzie nani.

Tuseme wazi: kwenye baadhi ya mialo mwanamke hudaiwa mwili wake kabla ya kuuziwa samaki. Wenzetu wa Kenya wanaliita jambo hilo jaboya, na wamelisema hadharani kuliko sisi. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru, upande ule wa ziwa, waliamua kumiliki mitumbwi yao wenyewe na kuwaajiri wavuvi wanaume. Iliwasaidia sana, mpaka ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kuwafukuza kwenye nyumba zao.

Kwetu, Januari 2024 Rais Samia alikuwa Mwanza akikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Vizimba vinafuga sato, huyu huyu wa kuchoma. Dada uliye Nkome au kisiwa chochote, kama mna kikundi kilichosajiliwa, muulizeni ofisa uvuvi wa halmashauri yenu mikopo hiyo inaombwaje, na jina la mwenye kizimba liandikwe lenu.