Jioni za Watu Wazima Mjini: Kutoka Beni Hadi Dansi

Historia ya miji ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata kazi: bandari, reli, viwanda na ofisi za serikali. Saa zile zinazoanza jua likisha kuchwa zimeachwa pembeni, kana kwamba kibarua akimaliza kazi hutoweka hadi alfajiri. Lakini mtu mzima aliyefika Dar es Salaam katika miaka ya 1920 au 1930, naye hana jamaa mjini na ujira wake ni wa kuhesabu senti, alikuwa na swali la kujibu kila siku: jioni hii niipitishe wapi, na akina nani, na kwa fedha zipi? Sinema ilitaka kiingilio kila mara. Vilabu vya Wazungu havikuwa vyake, wala vya Wahindi. Jibu alilolipata lilikuwa kujiunga na chama cha ngoma. Na sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani tuna sababu yetu ya pekee ya kulichunguza jibu hilo.

Ngoma iliyotamba wakati huo ni beni. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, lililovikwa kanzu ya Kiswahili. Chimbuko lake ni miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, mnamo miaka ya 1890. Watu wa huko walikuwa tayari na desturi ya mtaa kushindana na mtaa kwa ngoma na mashairi. Walichoongeza ni tarumbeta, ngoma kubwa ya kijeshi, gwaride na sare, mambo waliyoyaona kwa bendi ya Sultani wa Unguja na kwa vijana wa misheni ya Freretown. Mombasa iligawanyika kati ya Kingi na Skochi, hawa wa pili wakijivika mavazi ya Waskoti. Katika Tanganyika majina yaliyovuma ni Marini na Arinoti. Kwa jumla Marini ilijiona kuwa ya waungwana na makarani, na Arinoti ikawakusanya vibarua na watu waliotoka bara, ingawa mpaka huo haukuwa mmoja katika kila mji.

Sasa tutazame urahisi wake. Mwanachama alitoa ada, na kwa ada hiyo hakupata ngoma peke yake. Alipata mavazi ya kushona pamoja na wenzake, mahali pa kukutania kila juma, cheo, na watu wa kumjulia hali akiugua na kumzika akifa. Akisafiri, tawi la chama chake katika mji mwingine lilimpokea. Vyeo vilikuwa vingi: Kingi, Gavana, Jenerali, Daktari na kadhalika. Wako wasomi walioviona vyeo hivyo kuwa ni uigaji mtupu wa wakoloni. Mimi siafiki. Mtu aliyeitwa "boi" mchana kutwa, kisha usiku akaitwa Jenerali na watu mia wakampigia saluti, hakuwa akiiga tu. Alikuwa akijaribu nafsi nyingine, tena mbele ya mashahidi. Zaidi ya hayo, nyuma ya vyeo kulikuwa na kazi halisi. Fedha zilitunzwa, vikao viliitishwa, ugomvi uliamuliwa. Yote hayo yalifanywa kwa Kiswahili, na watu ambao wengi wao walikuwa na lugha nyingine za mama.

Hapana budi kutaja pia ubaya wake. Kilichoifanya jioni iwe rahisi, yaani kushirikiana, ndicho kilichoweza kuifanya iwe ghali mno, maana chama hutaka kumshinda mpinzani. Upande mmoja ukichinja ng'ombe, wa pili ulichinja zaidi. Wakishona sare mpya hawa, wale hawawezi kutoka na za mwaka jana. Huko Lamu na Mombasa mashindano yaliwaingiza watu katika madeni. Fahari ni tamu, lakini mwenye duka hana subira na fahari. Tusiwafikirie basi kuwa watu wa kale walijua siri ya kujifurahisha bila gharama ambayo sisi tumeisahau.

Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 viliichukua beni na kuitawanya. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza kambini, na walipoachiliwa kwenda makwao waliondoka nayo. Watu waliotafuta kazi wakaifikisha Nyasaland, machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na Katanga katika Kongo. Hapo ndipo habari hii inapotugusa walimu tulio nje ya pwani. Mara nyingi tunasema kwamba Kiswahili kilienea bara kwa misafara ya biashara, kwa utawala na kwa misheni, na hayo ni kweli. Lakini nyimbo za beni zilikuwa za Kiswahili aghalabu, nazo zilijifunzwa kwa hiari, usiku, na watu wazima ambao hakuna aliyewapa mtihani. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell alipochapisha uchunguzi wake juu ya ngoma ya kalela katika machimbo ya shaba, alionyesha kuwa ngoma hiyo ilikuwa na mizizi katika mbeni, kama ilivyoitwa huko.

Wanawake walikuwa na vyama vyao. Lelemama ilichezwa na wanawake waliovaa sare moja na kusimama safu moja, wakiimba mafumbo ambayo mlengwa aliyaelewa vizuri kuliko msikilizaji mwingine yeyote. Katika Dar es Salaam kulikuwa na kundi lililoitwa Bomba, na mwimbaji wake kiongozi alikuwa Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955, chama cha TANU kikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, alikabidhiwa kazi ya kuongoza wanawake. Hakuanza kwa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaja na watu wake. Katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Wanahistoria wengi wa siasa walitafuta mwanzo wa harakati hizo katika shule na ofisi za makarani, wakaupita uani, mahali ambapo wanawake wasiosoma walikwisha kuzoea kuchanga fedha, kutunza siri na kumtii kiongozi waliyemchagua.

Wakati huo beni ilikuwa imepoteza heshima yake kwa wenye elimu. Tangu miaka ya 1930 vijana hao walipenda dansi: suti, tai, hatua za foksitroti na rumba, na wanaume na wanawake kucheza wawili wawili, jambo lililowakasirisha wazee. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Neno "jazz" lisitudanganye. Lilimaanisha bendi ya dansi tu. Mavazi yalibadilika, utaratibu ukabaki. Vyombo vilikuwa mali ya kilabu, wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, na wanachama ndio waliobeba gharama. Hata majina yalisema watu wametoka wapi: Kilwa Jazz, Rufiji Jazz, na Western Jazz iliyochukua jina la Jimbo la Magharibi. Wapenzi wa taarabu nao walikuwa na Egyptian na Al-Watan, wapinzani wa miaka mingi.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya uhuru. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, na wanamuziki wakalipwa mshahara wa mwezi. Mashirika mengine yalifuata. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park, ambayo baadaye ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Kwa mpiga gitaa hili lilikuwa jambo jema, wala mtu asilibeze. Muziki ulioandikwa katika miaka hiyo ungali unapigwa. Lakini aliyekuwa mwanachama wa kilabu akawa mteja wa ukumbi. Hulipa mlangoni, hununua kinywaji, hucheza, huenda zake. Akiugua, bendi haina habari. Serikali pia iliona kwamba jioni ni mali ya kuongozwa, na mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam.

Bendi ile ya NUTA ilibadilisha jina kila mwajiri wake alipobadilika: JUWATA mwaka 1977, OTTU mwaka 1991. Baadaye ilibaki na jina la Msondo Ngoma. Na msondo, kama wanafunzi wetu watakavyoona katika kamusi, ni aina ya ngoma ndefu.