Pombe kwa vijana: nafasi ya familia, dini na jinsia

Bagamoyo mjini, ikiwemo kata ya Dunda, wakazi wengi ni Waislamu, na Uislamu unakataza pombe. Hata hivyo, mnazi, bia na gongo havipo mbali na kijana. Haya ni mambo ya kuzingatia ukiwa mzazi au mlezi.

Dini

Mafundisho ya msikitini, madrasa au kanisani yanaweza kumkinga mtoto. Lakini kama nyumbani anasikia neno "haramu" tu bila mazungumzo, siku akionja atakuficha. Anayejificha hunywa harakaharaka, mbali na watu wa kumsaidia.

Jinsia

Mvulana huambiwa kunywa ni uanaume, na akilewa watu hucheka. Msichana huitwa mhuni. Kwa hiyo msichana hujificha zaidi, na akifanyiwa ukatili akiwa amelewa, hunyamaza akiogopa kulaumiwa. Mwambie mapema: mwenye kosa ni aliyemdhuru, si yeye.

Familia

Usimtume mtoto kununua pombe, wala usimwonjeshe kwenye sherehe. Sheria ya Tanzania hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini katazo la serikali halichukui nafasi ya mzazi anayejua mwanawe yuko wapi na nani.

Akirudi amelewa

Usiku huo usigombe. Mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimlazimishe kutapika, na usimwache peke yake.

Mpeleke hospitali mara moja kama:

- haamki ukimwita au kumtikisa;
- anapumua polepole au kwa kukatizakatiza;
- ana degedege, au mwili umekuwa wa baridi;
- amekunywa gongo na haoni vizuri. Gongo inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

Mweleze mhudumu ukweli kuhusu alichokunywa. Aibu isikucheleweshe.

Kesho yake

Akishapata nafuu, muulize kabla ya kumhukumu: alikuwa na nani, nani alimpa, kuna aliyemdhuru? Msikilize mpaka amalize, kisha mweleze msimamo wa nyumba na wa dini yenu. Mvulana na msichana wapewe kanuni moja. Mkihitaji msaada, pigeni 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.