Maji ya Kisima: Kutoka Kanga hadi Mchanga

Ndugu wana-Buzebazeba, mama zetu waliyaacha maji ya kisima yatuame mtungini usiku kucha, kisha wakayachuja kwa kipande cha kanga. Wengine walikoroga shabu, tope likashuka. Maji yaking'aa, tuliridhika.

Mei 2015 kipindupindu kilipozuka Kagunga, kaskazini mwetu ufukweni mwa ziwa hilihili, tulikumbuka kwamba vijidudu havionekani kwa macho. Klorini nayo hupungua nguvu ikikuta tope.

Ndiyo maana safari hii tunachangia vichujio vya mchanga: maji yatuame kwanza, yapite mchangani polepole, ndipo yatiwe dawa. Vile vidogo vya dukani huziba upesi kwa tope letu (waliowahi kununua wanajua). Mchanga ukiziba, tunakwangua tabaka la juu na kuosha wenyewe.