Neno la wiki: kusenya

Wengi siku hizi husema “kuokota kuni” na kuishia hapo. Kiswahili kina neno lake: kusenya. Kuni husenywa, zikafungwa tita. Gogo huchanjwa kwa shoka, vipande vikaanikwa juani, kisha hupangwa uchagani, mbali na mchwa wa ardhini. Ukuni mbichi waweza kuwa nusu maji kwa uzito, ndiyo maana hutoa moshi mwingi kuliko moto. Vijiji vya Bariadi, Tanzania, viko katika mkoa wa pamba, ambako hata mashina makavu ya pamba huishia mafigani. Mvua za Novemba zisikukute na tita uani. Nanyi waandishi, kusenya kumo kamusini: kutumieni.