Matundu Madogo

Reli uionayo Malaba ikielekea Kampala ilikuwa njia ya elimu. Kabla ya mwaka 1967 Kenya haikuwa na chuo kikuu kifundishacho madaktari. Kijana wa Busia alivuka mpaka kwenda Makerere, akajifunza upasuaji kando ya mwalimu, mikono yao pamoja katika jeraha moja pana.

Mwaka 1998, mjini Paris, Guillonneau na Vallancien walianza kuondoa tezi dume yenye saratani kwa kupitia matundu madogo, macho yao kiooni. Mwanafunzi wa ufundi huu hushona kwanza ndani ya sanduku, kisha hushika kamera, kisha hupewa sehemu moja ya kazi. Lakini alipaye ada ni mgonjwa! Uchunguzi wa 2009 ulionyesha kwamba, katika miaka 5, saratani iliwarudia wagonjwa 17 kati ya 100 wa mpasuaji aliyekwisha kupasua 10 tu. Wa aliyepasua 250, 16. Wa aliyepasua 750, 9.