Kutoka Kitete hadi Kwihara

Tulianza Kitete, mjini Tabora, asubuhi, karibu na hospitali ya mkoa, mimi na mpwa wangu anayeandika programu za kompyuta Dar es Salaam. Tulikuwa tunakwenda Kwihara kwa miguu. Hata jasho halijatutoka, akaanza kulalamika: kikosi chao kimegawanyika, hawa wanataka Skramu, wale Kanbani.

"Mjomba, hayo wewe huyajui."

Nayajua kidogo. Skramu hukata kazi kwa vipindi visivyozidi mwezi, na kila siku watu hukutana kwa dakika 15. Kanbani, yenye asili yake viwandani mwa Toyota, haina vipindi, ina ukomo. Kazi mpya haiingii mpaka iliyopo itoke.

Nikamwambia njia tunayoikanyaga, ya misafara ya zamani kutoka pwani hadi Ujiji, ilizijua zote mbili. Jioni kambini, kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangaza safari ya kesho, na urefu wake ulipimwa kwa maji: hiyo ndiyo Skramu. Palipokosekana maji, kama nyika ya Mgunda Mkali, msafara ulitelekeza: watu waliondoka mchana, wakalala pakavu, wakayafikia maji kesho yake. Siku hizi neno hilo tumemwachia mume anayekimbia familia. Kutelekeza kulikuwa kwa dharura. Kikosi cha mpwa wangu kinatelekeza kila wiki.

Lakini msafara ulipofika Unyanyembe, eneo hili la Tabora, Skramu ilikwama. Wapagazi wengi kutoka pwani walilipwa na kuachana na msafara hapa, na wa kwenda Ujiji ilibidi watafutwe upya. Mnyamwezi ni mkulima pia. Mvua zikianza, wengi walibaki na majembe yao. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kaze, Tabora ya zamani, Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi. Livingstone, baada ya kuagana na Stanley Machi 1872, alingoja Kwihara miezi mitano mpaka watu aliotumiwa kutoka pwani wafike. Mali imejaa ghalani, mabega hayapo. Mzigo ndio unaolisubiri bega: hiyo ndiyo Kanbani.

Stanley mwenyewe alifika hapa Juni 1871, akakuta mtemi Mirambo amefunga njia ya Ujiji. Kwanza aliingia vitani pamoja na Waarabu, wakashindwa. Ndipo akazunguka kusini. Wale wataalamu wa programu 17 waliokutana Utah mwaka 2001 kuandika Ilani ya Agile waliweka kuitikia mabadiliko mbele ya kufuata mpango. Stanley alilipia somo hilo kwa maisha ya watu.

Wala nisiipambe njia hii. Wengine waliipita wakiwa na minyororo shingoni, na hao hakuna aliyewauliza wanapenda utaratibu gani.

Kwa kikosi kinachojenga kitu kipya ningechagua Skramu. Cha mpwa wangu kinazibaziba hitilafu za wateja kutwa; kwao, Kanbani.

Tulipofika kwenye tembe la Livingstone alikaa barazani, akavua viatu, akafungua simu.

"Kazi zilizo wazi ni 23."

"Na nyinyi mko wangapi?"

"Sita, mjomba."

Mlinzi akaja na funguo.