Mary Ainsworth na Akina Mama wa Buganda: Chimbuko la Elimu ya Mwambatano wa Mtoto na Mlezi

Elimu ya nafsi, ambayo siku hizi yaitwa pia saikolojia, huhesabiwa kuwa elimu iliyozaliwa Ulaya na kukuzwa Marekani, na nchi za Afrika ya Mashariki huonekana ndani yake kama mahali pa kujaribia mambo yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Kwa tawi moja kubwa la elimu hiyo jambo hili si kweli. Mafundisho juu ya jinsi mtoto mchanga anavyomwambata mlezi wake, ambayo leo huongoza kazi za matabibu wa nafsi na wauguzi wa watoto katika nchi nyingi, yalipata ushahidi wake wa kwanza uliokusanywa kwa kuwatazama watoto majumbani mwao katika vijiji vya Buganda, mwaka 1954 na 1955. Aliyeukusanya ni Mary Ainsworth, mmoja wa wanawake waliotangulia katika saikolojia ya tiba. Maisha yake yafaa kukumbukwa na wataalamu wa lugha kwa sababu moja zaidi: ushahidi huo ulipatikana katika mazungumzo ya lugha ya Kibantu, na mazungumzo yenyewe yakawa sehemu ya kipimo.

Mary Salter, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, Ohio, Marekani, akalelewa Toronto, Kanada. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha William McDougall juu ya tabia na mwenendo wa maisha, akaelewa kwamba mtu aweza kutafuta ndani ya nafsi yake sababu za mambo yanayomsibu. Mwaka 1929 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto, na mwaka 1939 akapewa shahada ya udaktari. Mwalimu wake, William Blatz, alifundisha kwamba mtoto huthubutu kuyaendea mambo mageni pale tu anapokuwa na imani kwamba mzazi yupo nyuma yake. Fikira hiyo haikumtoka mwanafunzi wake maisha yote. Wakati wa vita alitumikia jeshi la wanawake la Kanada hadi akafikia cheo cha meja. Baada ya vita alirudi kufundisha Toronto, akabobea katika upimaji wa wagonjwa kwa njia ya madoa ya wino ya Rorschach, na mwaka 1954 kilichapishwa kitabu juu ya upimaji huo alichoshirikiana na Bruno Klopfer. Kazi ya tiba ndiyo iliyomzoeza kusikiliza.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alijibu tangazo la kazi gazetini, akajikuta katika kliniki ya Tavistock chini ya John Bowlby, aliyekuwa akichunguza madhara yampatayo mtoto mdogo anapotengwa na mama yake. Hapo aliona madaftari ya James Robertson, mtu asiye na shahada kubwa, ambaye aliandika kwa uangalifu yote aliyoyaona kwa watoto waliolazwa hospitali. Ainsworth aliazimia kwamba akipata nafasi atafanya vivyo hivyo. Lakini hakukubaliana na Bowlby katika kila jambo. Bowlby alikuwa ameanza kufikiri kwamba mtoto huzaliwa na silika ya kumwelekea mlezi. Ainsworth alishika mafundisho ya zamani, kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama humlisha.

Mwanzoni mwa 1954 mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Jamii ya Afrika ya Mashariki huko Makerere, Kampala. Mkuu wa taasisi alikuwa Audrey Richards, aliyejipatia sifa kwa uchunguzi wake juu ya Wabemba, jirani wa Wafipa upande wa kusini-magharibi. Wakati ule ulikuwa mgumu, kwa kuwa Kabaka Mutesa II alikuwa amehamishwa na Waingereza mnamo Novemba 1953, wala hakurudishwa hadi Oktoba 1955. Mzungu aliyebisha hodi kijijini hakuwa na haki ya kutazamia kupokewa kwa furaha. Ainsworth aliwapata akina mama wenye watoto wachanga katika jamaa 26, jumla ya watoto 28, katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Yeye naye aliwapa msaada wa vitendo: aliwachukua kwa gari hadi kliniki, akawapatia maziwa ya unga kwa bei ya jumla. Kila baada ya wiki mbili, kwa muda uliofika miezi tisa, alikaa nao kiasi cha saa mbili alasiri, sebuleni, saa ambayo wanawake wa Kiganda hupokea wageni.

Alijifunza Kiganda kidogo, lakini hakukiweza kiasi cha kufanyia uchunguzi. Maneno yote yalipita kwa mkalimani wake, Katie Kibuka. Jambo hili halipasi kupitwa upesi. Mkalimani wa namna hiyo hapokezi maneno tu kama apokezaye mzigo. Huamua ni neno gani lifaalo kumuuliza mama juu ya mwanawe bila kumvunjia heshima, na huamua jibu lake lina uzito gani.

Shabaha ya kwanza ya uchunguzi ilikuwa kuachishwa ziwa. Ilisemekana kwamba kwa desturi ya Waganda mtoto anayeachishwa hupelekwa kwa bibi yake au jamaa mwingine kwa siku kadhaa, ili alisahau ziwa. Kwa mtu aliyetoka kwa Bowlby hapo palikuwa na jaribio lililoandaliwa na desturi yenyewe: mtoto aliyetengwa na mama bila vita wala ugonjwa. Lakini alipofika alikuta desturi hiyo imekwisha kupungua sana. Mtafiti mwingine angeyafunga madaftari yake. Ainsworth aliligeuza swali: badala ya kuuliza mtoto hupatwa na nini anapotengwa, aliuliza huanzaje kumjua na kumwambata yule atakayetengwa naye.

Aliyoyaona sebuleni yalimwondolea mafundisho ya zamani. Mtoto anayeweza kutambaa hakukaa mapajani kungoja chakula. Alimwacha mama, akaenda kuchungulia kikapu au kumkagua mgeni, kisha akageuka kumtazama mama, au akarudi kumgusa, kisha akaenda tena. Mama alipoinuka kutoka, mtoto alilia na kumfuata; aliporudi, alimnyoshea mikono au kumpigia makofi ya furaha. Kilio alichoshindwa kukinyamazisha mtu mwingine kilikoma mikononi mwa mama. Hayo hayakuwa malipo ya maziwa. Mtoto mwenyewe alikuwa na kazi ya kufanya, na mama alikuwa kituo chake cha kutokea na cha kurejea.

Katika watoto 28, aliwahesabu 16 kuwa wenye mwambatano thabiti, ambao hawakulia sana na walichungua mambo kwa amani mama akiwapo. 7 kuwa wenye wasiwasi, ambao walilia mara kwa mara hata wakiwa wamepakatwa na mama. Na 5 ambao walikuwa bado hawajaonyesha kumpambanua mama na watu wengine. Kisha akatafuta ni nini katika mwenendo wa mama kilichofuatana na uthabiti huo. Alipata mambo matatu: wingi wa uangalizi alioutoa mama mwenyewe, furaha yake katika kunyonyesha, na ubora wake kama msimulizi wa habari za mwanawe. Mama aliyeulizwa habari za mtoto akaeleza kwa urefu mambo madogo madogo, bila kuhamia habari nyingine, ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Kwa sababu alimwona mtoto, aliweza kumsimulia. Hivyo usemi wa mama, uliokusudiwa kuwa njia tu ya kupatia habari, uligeuka kuwa habari yenyewe. Ni nadra katika historia ya elimu hizi kwa ufasaha wa mtoa habari kuingizwa katika matokeo.

Mwishoni mwa 1955 akina Ainsworth waliondoka, wakaenda Baltimore, Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alipewa kazi ya kufundisha pamoja na ya kupima wagonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Sheppard na Enoch Pratt. Naye mwenyewe aliingia katika uchambuzi wa nafsi kwa miaka mingi. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Kuanzia 1963 alitazama jamaa 26 za Baltimore kwa njia ile ile ya Buganda. Tofauti moja ilimzuia: watoto wa Baltimore walikuwa wamezoea kuona mama akitoka na kuingia, wala hawakuonyesha nyumbani yale yaliyoonekana wazi kwa watoto wa Kiganda. Ndipo yeye na Barbara Wittig walipobuni jaribio la chumba kigeni, lililotangazwa mwaka 1969: mama na mtoto huingia chumba wasichokijua, mgeni huja, mama hutoka, kisha hurudi. Jaribio hilo sasa latumika duniani kote, na wengi hulidhani kuwa mwanzo wa elimu hii. Kwa kweli lilikuwa njia ya kuyafanya yaonekane Marekani mambo yaliyokwisha kuonekana katika sebule za Buganda. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilichapishwa mwaka 1967, na kile cha Baltimore mwaka 1978.

Safari hii ya kutoka sebuleni hadi chumbani ilikuwa na gharama. Jaribio lilipopelekwa kwa Wagusii wa Kenya, Kermoian na Leiderman, katika taarifa yao ya 1986, iliwalazimu kuwatazama watoto pamoja na walezi wengine zaidi ya mama, na kutambua kwamba mtoto wa Kigusii amezoea kusalimiwa kwa kupewa mkono, hata ikawa mkono ndio anaoutafuta mlezi anaporejea. Mtu angalitumia orodha ya Baltimore peke yake, asingaliusoma mkono huo. Lawama kwamba elimu hii imempa mama peke yake kazi inayofanywa na bibi, shangazi na dada wakubwa ni lawama ya haki. Lakini yawaangukia zaidi waliolishika jaribio wakayaacha madaftari.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Neno linalopendekezwa na baadhi ya waandishi, mwambatano, lina kasoro yake. Kiungo -an- chadokeza pande mbili zilizo sawa, hali habari yenyewe ina mwelekeo: mtoto humkimbilia mama, mama hamkimbilii mtoto. Mwelekeo huo Kiswahili hukieleza kwa kauli ya kutendea. Mtoto mwenye njaa hulia; mtoto anayemtaka mtu fulani humlilia. Mtoto aliyeshiba hucheka. Anayemtambua mlezi humchekea. Orodha ya vitendo aliyoitunga Ainsworth kwa jasho, yenye shabaha ya kuonyesha kwamba kitendo kimeelekezwa kwa mtu mmoja na si kwa mwingine, yaweza kuandikwa karibu yote kwa vitenzi vya namna hii: kumlilia, kumchekea, kumnyoshea mikono, kumpigia makofi, kumkimbilia. Kiganda nacho kina kauli hiyo, mathalani katika okukaabira, kumlilia mtu. Na kutoka katika vitenzi vyetu yatoka majina mawili yaliyokwisha kukomaa: mlezi ni tegemeo mtoto anapokwenda, na ni kimbilio anaporudi.

Kuna na kitenzi kingine, kudeka. Mtoto hamdekei mgeni; humdekea yule tu ambaye ana hakika kwamba atachukuliana naye. Mjapani Takeo Doi, tabibu wa nafsi, alijenga mafundisho kamili juu ya neno la lugha yake lenye maana iliyo karibu na hiyo, amae, katika kitabu chake cha mwaka 1971. Lakini kudeka kuna ndugu mwenye sifa mbaya, kudekeza, na katika kauli hiyo ya kusababisha lawama yote humwangukia mlezi. Mwaka 1972 Silvia Bell na Ainsworth walitoa matokeo ya Baltimore yaliyoonyesha kwamba watoto ambao kilio chao kiliitikiwa upesi katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wao wa kwanza. Matokeo hayo yalibishaniwa baadaye na wataalamu wengine, na ubishi wenyewe waonyesha jinsi jambo lilivyo zito. Kumwitikia mtoto mchanga anayekudekea na kumdekeza ni mambo mawili, wala lugha haijavichanganya vitenzi hivyo ila pale msemaji anapovitumia ovyo.

Uzito wa jambo hili hauko katika maktaba. Chukua Milepa, kata ya Sumbawanga iliyo katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa uwanda wa Ufipa. Mama anayemleta mtoto kliniki aweza kuwa amezungumza Kifipa asubuhi nzima. Muuguzi atasema naye Kiswahili. Na mashauri ya muuguzi yametoka katika vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, ambavyo mizizi yake imo katika maneno ya akina mama waliosema Kiganda. Elimu imepita lugha nne ili kumrudia mwanamke wa Kibantu aliyempakata mtoto. Ikimfikia kwa neno geni atalisahau mlangoni. Ikimfikia kwa neno kudekeza lililotumika pasipo kupima, itamfunza kumwacha mtoto alie. Ikimfikia kwa kumlilia na kimbilio, hatahitaji kufafanuliwa, maana Kifipa nacho, kama lugha za Kibantu kwa jumla, kina kauli ya kutendea.

Tangu miaka ya 1970 Ainsworth alifundisha Chuo Kikuu cha Virginia, akastaafu 1984, akafariki Charlottesville tarehe 21 Machi 1999. Wanafunzi wake wameieneza kazi yake katika mabara yote. Watungaji wa istilahi za Kiswahili wana sababu ya kuanzia pale alipoanzia yeye, yaani katika usemi wa mama anayesimulia habari za mwanawe, na kusikiliza kwanza vitenzi anavyovitumia kabla ya kumletea vingine.